Urithi, madeni na shamba la Thika

Wanaume wawili wanasimamisha farasi wao na kulitazama jumba lililo ng'ambo ya bonde. Mmoja anasema atalichukua. Hajaingia ndani, hajauliza kama paa linavuja wala kisima kina maji. Jumba linapangishwa, na yeye pesa anazo. Ndivyo inavyoanza Pride and Prejudice ya BBC ya mwaka 1995. Dakika chache baadaye mama mmoja mwenye mabinti watano anatoka kanisani na habari zote anazo: jina la mpangaji, kwamba hajaoa, na kwamba kipato chake ni kama pauni 5,000 kwa mwaka.

Mtu akisikia habari za tamthilia za Kiingereza za zamani huwaza kofia za utepe, chai, na watu wanaozungumza kana kwamba wamebanwa pua. Hayo yote yamo. Lakini ukitazama mbili tatu mfululizo utaona kwamba mapenzi ni kisingizio tu, na habari yenyewe ni pesa: nani anarithi, nani anadaiwa, nani akifa leo wenzake watalala wapi kesho. Kwa hiyo zinafaa sana kwenye sebule zetu, ambako bibi, baba, shangazi na mtoto wa darasa la tano wanagombea runinga moja. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hajawahi kusikia ugomvi wa urithi.

Tuanze na hiyohiyo ya 1995. Ina sehemu sita, kila moja karibu saa nzima, na imetokana na riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwaka 1813. Shamba la familia ya Bennet limefungwa kisheria lisirithiwe na mwanamke. Bwana Bennet hana mtoto wa kiume, kwa hiyo siku akifumba macho, nyumba, bustani na kodi za wakulima vitakwenda kwa binamu yake, kasisi mmoja mnafiki aitwaye Collins. Mama na mabinti watano watatolewa nje. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kuona mashemeji wakija kuulizia hati ya nyumba kabla arobaini haijaisha hahitaji kuelezwa zaidi.

Alison Steadman anamcheza Mama Bennet kwa sauti ya kukwaruza masikio, na wengi humcheka hadi mwisho. Mimi namtetea. Katika nyumba ile yote ni yeye peke yake anayepiga hesabu. Mumewe, mcheshi na msomi, amejifungia maktaba na vitabu vyake, hakuweka akiba yoyote kwa ajili ya mabinti, na bado watazamaji ndiye wanayempenda. Mama anapiga kelele kwa sababu ameliona shimo lililo mbele yao.

Kisha kuna Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, mmoja wa mabinti wa Bennet. Ana miaka 27, hana sura ya kusifiwa wala fungu la kumpa mume. Waingereza wa tabaka lile, tofauti na sisi, walitarajia bibi harusi ndiye aje na pesa. Kwa hiyo Collins, aliyekataliwa na Elizabeth juzi tu, anapomgeukia yeye, Charlotte anakubali. Elizabeth anashtuka. Baadaye anakwenda kumtembelea, na hapo pana dakika chache ninazoziona bora kuliko zote katika mfululizo huu. Charlotte anamwonyesha chumba chake cha kukaa. Amechagua cha nyuma, kisichoona barabara, kwa sababu mumewe hupenda kuchungulia magari ya farasi yanayopita na hivyo hatakuwa na haja ya kuja huko. Anamhimiza sana mumewe alime bustani, maana ni afya. Anamhimiza pia aende kwa miguu kumsalimia mfadhili wao, Lady Catherine. Siku nyingine, anasema, hawaonani ila dakika chache. Anaeleza haya kwa utulivu wa mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka na kukuta hayana nakisi.

Filamu ya 2005 yenye Keira Knightley ni nzuri kwa macho, lakini ni ya saa mbili na kidogo, na mambo kama chumba cha Charlotte ndiyo huwa ya kwanza kufupishwa. Ukiwa na saa sita, watu wadogo nao hupata nafasi ya kuishi.

Mwandishi wa mswada wa 1995 ni Andrew Davies, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu kabla ya kuhamia runinga moja kwa moja. Ndiye pia aliyemtoa Darcy, mwanaume atakayemwoa Elizabeth, anayechezwa na Colin Firth, bwawani akiwa na shati lililolowa, tukio ambalo Austen hakuliandika. Aliyejitosa majini hakuwa hata Firth bali mtu wa kumfanyia hatari. Hilo halikuzuia kitu: mwaka 2013 London iliwekewa sanamu kubwa ya Darcy akiibuka ndani ya ziwa la Serpentine. Jumba la Darcy, Pemberley, linaloonekana kwa nje ni Lyme Park, katika kaunti ya Cheshire, ilhali ndani ni Sudbury Hall, jumba jingine kabisa lililoko Derbyshire. Na kwa wazazi wenye wasiwasi: busu la Darcy na Elizabeth ni moja tu, liko mwisho wa sehemu ya sita, na wakati huo wameshafunga ndoa.

Waingereza hawakuanza jana. Mwaka 1967 BBC ilirusha The Forsyte Saga, sehemu 26 za picha nyeusi na nyeupe, kutoka riwaya za John Galsworthy. Riwaya ya kwanza inaitwa The Man of Property, na mhusika wake, Soames Forsyte, anamhesabu mkewe pamoja na nyumba na michoro yake. Iliporudiwa Jumapili usiku mwaka uliofuata kwenye chaneli iliyopatikana na watu wengi zaidi, baadhi ya makanisa yalisogeza saa ya ibada ya jioni ili waumini wasikose. Sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu karibu milioni 18. Tangu hapo Jumapili usiku imekuwa saa ya tamthilia za namna hii, na Downton Abbey ya kituo cha ITV, iliyoanza 2010, ilikaa palepale. Julian Fellowes, aliyeiandika, anafungua kwa habari za kuzama kwa meli ya Titanic, Aprili 1912. Aliyekufa majini ni mrithi wa jumba. Bwana mwenye nyumba ana mabinti watatu na hana wa kiume. Miaka 100 baada ya akina Bennet, tatizo ni lilelile, ila sasa binamu anayekuja kurithi ni mwanasheria kutoka Manchester, na wenye nyumba wanaona aibu kwamba mtu huyu anafanya kazi.

Nafikiri Downton inachosha kuanzia msimu wa tatu, lakini Maggie Smith, bibi wa familia, anatosha kukufikisha wa sita.

Kuna suala la lugha. Maveterani wa vibanda vya video wamezoea filamu zenye sauti ya DJ anayetafsiri juu kwa juu, akiongeza na utani wake. Bado sijasikia DJ aliyethubutu kuishika Bleak House, tamthilia nyingine ya namna hii. Ngumi na risasi zinajieleza. Mwanamke anayemmaliza mwenzake kwa sentensi moja, kikombe cha chai kikiwa mkononi, ni kazi nyingine. Dawa ni kuwasha maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kumteua mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi awasimulie wengine. Kwa uzoefu wangu, shangazi hufaa kuliko mwalimu, kwa sababu hatafsiri maneno bali anatoa hukumu. Na kama bando ni tatizo, nyingi kati ya hizi zimetoka kwenye DVD.

Kwa watoto kuna The Railway Children, hadithi ya E. Nesbit ya mwaka 1906. Usiku mmoja wanaume wawili wanakuja nyumbani, wanazungumza na baba faragha, na baba anaondoka nao. Mama hasemi kwa nini. Familia inahama London na kwenda kijijini kuishi karibu na reli, na umaskini unaingia kwa njia ambayo mtoto anaielewa: sasa mkate unapakwa siagi au jemu, si vyote viwili. Mvulana wa familia anakwenda kuiba makaa ya mawe stesheni ili mama apate moto. Kumbe baba ametiwa hatiani kwa kuuza siri za serikali kwa Warusi, na hana kosa.

Mwigizaji Jenny Agutter aliigiza binti mkubwa, Roberta, katika mfululizo wa BBC wa 1968, akairudia nafasi hiyo katika filamu ya 1970, kisha mwaka 2000 akawa mama katika toleo la runinga. Ukiweza, itafute filamu ya 1970 kwanza. Moshi wa treni ukianza kutawanyika pale jukwaani, watu wazima ndio watakaojifanya wana vumbi machoni.

Agutter huyohuyo ndiye Sista Julienne wa Call the Midwife, iliyoanza 2012, kuhusu wakunga wa Poplar, mashariki mwa London, miaka ya hamsini na kuendelea. Huduma ya afya ya taifa ilianza Julai 1948, kwa hiyo wanawake wanaoonekana mle ni miongoni mwa wa kwanza kuzalishwa bila kuulizwa bili. Karibu kila sehemu ina uzazi, na kelele zake hazifichwi. Watoto wadogo wakalale kwanza.

Kwa wanaofuga nina All Creatures Great and Small. Alf Wight, aliyeandika kwa jina la James Herriot, alikuwa daktari wa mifugo aliyesomea Glasgow na kufanya kazi Thirsk, kaskazini mwa Uingereza. BBC iliitengeneza kuanzia 1978 na Channel 5 ikaianza upya mwaka 2020. Zote mbili zina kile ambacho tamthilia nyingi za mashambani hazina: daktari aliyelala kifudifudi kwenye sakafu ya zizi usiku, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, akitafuta mguu wa ndama aliyekaa vibaya, huku mwenye ng'ombe amesimama na taa akimhesabia makosa. Ng'ombe akifa, mkulima amekwisha. Mfugaji wa Njombe au Nyeri atatazama sehemu hizo akiwa ameegemea mbele, na pengine atasema yeye angefanya tofauti.

Little Dorrit ya 2008, pia ya Davies, ni nzito zaidi na ningewaachia walio na umri wa kukopa. Claire Foy ni binti aliyezaliwa na kukulia katika jela ya wadeni ya Marshalsea, London, ambako baba yake amekaa miaka mingi hadi anajiona mheshimiwa wa mahali hapo na kupokea zawadi kutoka kwa wafungwa wanaoachiliwa. Charles Dickens hakubuni jela hiyo. Baba yake mwenyewe alifungwa humo mwaka 1824, na wakati huohuo Charles, mwenye miaka 12, alikuwa amepelekwa kiwandani kubandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu. Wanaosumbuliwa na mikopo ya kausha damu watatambua jambo moja: mdeni hawezi kulipa kwa sababu amefungwa, na amefungwa kwa sababu hawezi kulipa.

Nimeacha The Flame Trees of Thika mwisho kwa sababu inatuhusu moja kwa moja na kwa sababu itazua ubishi. Ni sehemu saba, ilirushwa na ITV mwaka 1981, imepigwa picha Kenya kwenyewe. Hayley Mills ni mama, Holly Aird ni Elspeth, msichana anayetuonyesha kila kitu. Inatokana na kumbukumbu za Elspeth Huxley zilizochapishwa mwaka 1959, kuhusu jinsi familia yake ilivyofika Thika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kupanda kahawa. Wanasafiri kwa mkokoteni wa maksai kutoka Nairobi, safari ambayo leo ni ya matatu na foleni ya Thika Road. Wanajenga nyumba ya nyasi. Ardhi yenyewe baba aliinunua baa, katika hoteli ya Norfolk, kutoka kwa Mwingereza mwenzake.

Kama tamthilia ya familia haina dosari kubwa. Vijito, mvua, chui, macho ya mtoto anayependa kila anachokiona: mtu aliyekulia shamba atafurahi. Wakikuyu wamo, wana majina, wana akili na vichekesho. Lakini tamthilia hii, inayotoka katika nchi iliyotuonyesha kwa saa sita jinsi urithi wa nyumba ya akina Bennet unavyoumiza, haiulizi kwa uzito huohuo kuhusu ardhi iliyouzwa baa. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwawezesha walowezi kupangishiwa na serikali ya kikoloni kwa miaka 999. Huxley alichapisha kitabu chake wakati hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau ikiwa bado haijaondolewa. Miaka mitano baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Weep Not, Child, ambamo mzee Ngotho anamfanyia kazi mlowezi juu ya ardhi iliyokuwa ya baba zake, na anaitunza vizuri kwa sababu anangoja irudi. Mwenye kitabu hicho nyumbani akiweke karibu.

Mimi ningeitazama hata hivyo, tena ningemketisha mbele mtu mzima aliyekulia Kiambu au Murang'a. Kila Robin Grant, baba wa Elspeth, anapopima mistari ya kahawa, mzee atakuwa na neno kuhusu nani alikuwa analima pale kabla yake, na nani alikuja kununua baada yake, na kwa bei gani. Sehemu saba zinaweza kuchukua mwezi mzima kwa mtindo huo. Rimoti mwachieni yeye.