Usiulize Rangi, Uliza Aliyekata

"Mtaalamu, fundi amemaliza kupogoa mwembe. Sasa nipake nini kwenye vidonda?"

Wiki hii nimeulizwa hivyo mara nne. Mara ya mwisho, huko Tabata, mama wa watu alikuwa ameshanunua kopo la rangi ya mafuta na fundi anamwonyesha pa kupaka. Jibu langu halijabadilika: hapakwi kitu. Si rangi, si lami, si oili chafu, si samadi mbichi.

Tunaufikiria mti kama mwili wetu. Sisi tukijikata, nyama mpya hushika nafasi ya ile iliyokufa. Mti hauna uwezo huo. Sehemu iliyojeruhiwa haiponi kamwe. Mti huitenga, ukaizungushia kuta za kemikali ili uozo usisambae, kisha ukaifunika kwa mbao mpya mwaka baada ya mwaka. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyaona haya kwa kupasua maelfu ya miti kwa msumeno na kuichungulia ndani. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walitoa matokeo ya miti iliyopakwa dawa za vidonda na kuachwa miaka 5. Dawa hazikuzuia uozo. Karibu nusu karne imepita, na kopo la rangi bado linanunuliwa!

Ingekuwa rangi haidhuru ningenyamaza. Jua huipasua, maji hupenya kwenye ufa na kutuama. Oili chafu ni mbaya zaidi, maana huua chembe hai za ukingoni mwa kidonda, zile zile zinazotakiwa kukifunika. Niliwahi kupasua shina la mwembe uliopakwa miaka 6 kabla. Kwa nje rangi ya bluu ilikuwa ingali inang'aa. Nyuma yake mbao ilikuwa nyeusi. Niliichimba kwa kidole kama mkate uliolowa chai.

Kinachouokoa mti ni mkato wenyewe. Tazama tawi linapochomoza kwenye shina: pana uvimbe wa mviringo, kama pindo la mkono wa sweta. Hapo ndipo mti hujenga ukuta wake. Kata nje kidogo ya uvimbe huo, kidonda kitajifunga. Ukilaza msumeno kwenye shina, umeondoa uvimbe na ukuta pamoja. Ukiacha kigutu kirefu, kitaoza kuelekea ndani. Tofauti ni upana wa vidole viwili tu, na hakuna rangi ya kuisahihisha.

Ndiyo maana nasisitiza fundi awe na cheti cha utunzaji wa miti. Watu huniambia cheti ni karatasi, fundi wao amekata miti miaka 20. Sawa, lakini nani aliwahi kurudi kuitazama hiyo miti? Cheti cha chama cha kimataifa cha watunza miti, ISA, nacho hudai uzoefu: miaka 3 kazini, au elimu inayofidia sehemu yake, ndipo mtu afanye mtihani. Kisha kila baada ya miaka 3 lazima aonyeshe kuwa ameendelea kusoma, au afanye mtihani upya, la sivyo kinakwisha. Mwenye nacho anajua hata pale rangi inapofaa: mialoni ya Texas hupakwa papo hapo ili mbawakawa wasiiambukize mnyauko. Ugonjwa huo hauhusu mwembe wako.

Hujampata mwenye cheti? Muulize unayempata atakata wapi. Akikosa kukuonyesha ule uvimbe, mlipe nauli aende. Tawi zito likatwe kwa hatua tatu: chini kwanza, kisha juu mbali na shina, mwisho kigutu. Asitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Asikate kichwa cha mti. Asiukwee kwa viatu vya miiba mti unaobaki hai. Kofia ngumu, kamba na bima viwepo kabla msumeno haujawashwa. Tawi likigusa au kukaribia nyaya za umeme, fundi asipande kabisa: piga simu TANESCO wakate umeme kwanza.