Ndege za Abiria Ziendapo Vitani

Taifa lipelekalo majeshi yake ng'ambo hukabiliwa na hesabu ngumu. Likinunua ndege za kutosha kuchukua jeshi zima katika majuma machache ya vita, nyingi zitakaa bila kazi miaka yote ya amani, huku zikila fedha za matengenezo. Marekani iliijibu hesabu hiyo mwaka 1951 kwa kuunda Kikosi cha Akiba cha Ndege za Kiraia. Mashirika ya ndege huahidi kutoa ndege na marubani wakati wa dharura. Serikali nayo huyapa kazi zake za uchukuzi wakati wa amani.

Ahadi hiyo haikudaiwa hadi Agosti 1990, baada ya Iraki kuivamia Kuwait. Ndege za kiraia zilichukua karibu theluthi mbili ya askari waliosafirishwa kwa anga kwenda Ghuba, lakini robo tu hivi ya mizigo. Kwa nini tofauti hiyo? Askari hupanda ngazi, akaketi kama abiria mwingine yeyote. Kifaru hakipandi ngazi.

Wala tatizo si uzito peke yake. Boeing 747 ya mizigo yaweza kuinua tani 100 hivi, na kifaru cha M1 chakaribia tani 60. Lakini mlango wa ubavuni wa ndege hiyo una upana wa mita 3.4, na kifaru kina mita 3.7! Isitoshe, sakafu yake iko kiasi cha mita 5 juu ya ardhi, nayo imeundwa kwa shehena iliyotandazwa, si kwa mzigo ukandamizao mahali pamoja. Ndege ya kijeshi ya C-5 hufunguka puani na mkiani, tena hujishusha kama ngamia apakiwaye, hata magari yakaingia yenyewe. Umbo la namna hiyo huongeza uzito na gharama ambazo mfanyabiashara hana haja nazo.

Liko pia suala la hatari. Bima ya kawaida haigharimii hasara za vita, hivyo serikali hulazimika kuzikatia bima ndege hizo yenyewe. Kikosi kiliitwa tena mwaka 2003 kwa vita vya Iraki. Agosti 2021 ziliitwa ndege 18, lakini hazikutua Kabul: watu walitolewa humo kwa ndege za kijeshi, ndipo zile za kiraia zikawapokea katika vituo vya nje ya Afghanistani.