Muscat na Mito Inayolala Mchangani

Juni 2007, kimbunga Gonu kilipopita pwani ya Oman, wakazi wa Muscat walipata masaibu mawili yanayopingana. Barabarani maji yalifunika magari. Bombani hayakutoka hata tone. Mitambo ya Ghubrah na Barka, inayoondoa chumvi kwenye maji ya bahari ili yanyweke, ilikuwa imesimama. Watu wapatao 50 walifariki nchini humo, na hasara ilifikia kiasi cha dola bilioni 4 za Marekani.

Mji huo hupata wastani wa milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka mzima. Imekuwaje ukafurika?

Nyuma ya Muscat imesimama milima ya Hajar, mawe matupu yenye miteremko mikali na miti ya kuhesabika. Mvua ikinyesha huko, mwamba hauinywi. Maji yote hukimbilia kwenye wadi, yaani mkondo wa mto unaokaa mkavu kwa miezi, pengine miaka. Kwa saa chache tu, changarawe walimokuwa wakipita mbuzi asubuhi hugeuka mto wenye nguvu ya kusomba malori. Na tangu 1970 mji umekua mbio, ukijibana katika ukanda mwembamba kati ya mlima na bahari, mpaka maduka, nyumba na lami vikafika kwenye midomo ya wadi. Ndiyo maana eneo la biashara la Qurum, Wadi Aday inapoingia baharini, liliumia vibaya mwaka ule. Mkazi wa Dar es Salaam anayeijua Jangwani na Bonde la Msimbazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Upande wa pili wa hatari unatoka baharini. Vimbunga vya Bahari ya Arabia huja hasa Mei na Juni, kabla ya pepo za kusi kushika kasi, kisha Oktoba na Novemba zinapolegea. Chakula chake ni joto la maji, na bahari hiyo inazidi kupata joto. Kuna miaka ambayo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi huwa na joto kuliko upande wa mashariki, hali ambayo wataalamu huiita Dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 ilikuwa kali sana: vimbunga Kyarr na Maha vilikuwa katika Bahari ya Arabia kwa wakati mmoja, huku mvua za vuli zikileta mafuriko Afrika Mashariki. Bahari ni ile ile moja, na anayeifuatilia kutoka Mombasa anafuatilia pia habari za Muscat.

Maandalizi ya Oman yameanzia kwenye maji yenyewe. Bwawa la Al Khoud, lililojengwa 1985, huyashika mafuriko, huyaacha yatulie na tope lizame, kisha huyaachilia polepole yanywewe na ardhi. Hapo adhabu hugeuka akiba, kwa kuwa maji hayo hujaza visima na kuizuia chumvi ya bahari isipenye chini kwa chini. Baada ya Gonu, huko Al Amerat likajengwa bwawa la kuipunguza kasi Wadi Aday kabla haijafika mjini.

Hatua nyingine ni tahadhari. Mwaka 2015 kilifunguliwa kituo cha kitaifa cha kutoa onyo la mapema kuhusu majanga mbalimbali. Kimbunga Shaheen kilipokaribia, Oktoba 2021, serikali ilitangaza mapumziko ya siku mbili, safari za ndege zikasitishwa, na zaidi ya watu 2,700 wakapelekwa kwenye makazi ya dharura. Shaheen iliua, lakini watu wachache mno kuliko Gonu.

Hata hivyo kimbunga huonekana siku kadhaa kabla. Mvua ya radi haitoi nafasi hiyo. Aprili 2024 mvua za namna hiyo ziliua watu wasiopungua 19 nchini Oman, wakiwemo wanafunzi 10 wa Samad al-Shan ambao gari lao lilisombwa na wadi. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 30 tu huweza kuliinua gari dogo. Yakifika 60 huyabeba magari mengi. Barabara nyingi nchini humo bado zinakatisha wadi kwa chini, bila daraja, kwa sababu karibu siku zote za mwaka hakuna maji pale.

Kazi ya wahandisi na wapimaji ardhi sasa ni kuchora kila wadi kwenye ramani kwa upana wake wa siku ya mafuriko, kuzuia viwanja visigawiwe ndani ya mstari huo, na kuinua vivuko kuwa madaraja. Vya kwanza viwe vile vilivyo kwenye njia za magari ya shule.