Barua ya Sultani na Hofu ya Mfalme

Ukitoka Mombasa hadi Mazeras, kisha ukashika njia ya Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, utalikuta kanisa la zamani ambalo siku hizi ni jumba la makumbusho. Hapo ndipo Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, na mwenzake Johannes Rebmann walipoanzisha kituo chao cha misheni mwaka 1846. Lakini kabla ya kituo ilitangulia barua.

Mapema mwaka 1844 Krapf alifika Unguja akapokewa na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar. Sultani alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ibadhi, na mgeni wake hakuficha kwamba amekuja kueneza Ukristo. Huenda ukadhani alirudishwa alikotoka. La hasha! Sultani aliwaandikia maliwali wake wa pwani kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaleta watu kwa Mungu, basi wamtendee vyema na kumsaidia kila aendako.

Wanafunzi wa somo la dini watakuwa wameshakumbuka barua nyingine. Katika kitabu cha Ezra, sura ya 7, Artashasta, mfalme wa Uajemi, anamruhusu kuhani Ezra kurudi Yerusalemu. Anampa fedha na dhahabu, na kuwasamehe kodi watumishi wote wa hekalu, hata wangoja malango. Kwa nini mtawala wa dola kubwa ajisumbue hivyo kwa Mungu wa taifa dogo alilolitawala? Sababu aliitaja mwenyewe: alihofia ghadhabu ya Mungu huyo isije ikaiangukia milki yake na wanawe.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia. Kuna kuogopa, na kuna kucha. Anayeogopa hukimbia, anayecha huinama. Artashasta, kwa maoni yangu, alikuwa katikati: alikuwa na heshima ya kweli, lakini jicho moja lilikitazama kiti chake. Na Sayyid Said je? Yeye pia alikuwa na hesabu zake. Tangu mwaka 1841 konseli wa Uingereza alikuwa akikaa Unguja, na urafiki wa Wazungu ulikuwa na faida. Hata hivyo, barua ya usalama ingetosha bila kumtaja Mungu, naye alimtaja.

Ezra, kwa upande wake, aliipokea barua lakini akaona haya kuomba askari wa kumlinda njiani. Alikwisha kumwambia mfalme kwamba Mungu huwalinda wamtafutao. Angeombaje mikuki tena? Akafunga pamoja na wenzake, kisha wakashika safari.

Krapf naye aligundua mapema mpaka wa barua yake. Julai 1844, miezi michache tu baada ya kuipata, mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki Mombasa. Na miaka miwili baadaye, alipopanda kwenda Rabai, ilimbidi aketi na wazee wa huko na kuomba upya ruhusa ya kukaa kwao. Walimkubalia.