Taya Jembamba kwa Sindano: Nani Atabeba Mzigo wa Kutafuna?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na habari hii, weka vidole vyako pande zote mbili za uso, chini kidogo ya masikio, kisha kaza meno. Utasikia nyama ikifura na kuwa ngumu. Sasa hamishia vidole kwenye mapanja, yaani pale kando ya macho juu ya masikio, ukaze meno tena. Hapo nako utasikia nyama ikicheza. Hao uliowagusa ni wafanyakazi wawili wa kikosi kimoja, na mmoja wao akilazwa usingizi kwa sindano, ni lazima mwenzake aongeze kazi.

Misuli ya kutafunia iko jozi 4. Jozi 3 hufunga kinywa: msuli wa shavu, unaotoka kwenye mfupa wa shavu hadi kwenye pembe ya taya, msuli wa panja, na msuli wa ndani ya taya, ambao huwezi kuupapasa kwa nje. Jozi ya 4 husaidia kufungua kinywa na kulisogeza taya mbele na kando. Kila utafunapo mua au nyama ngumu, misuli hiyo hugawana kazi bila wewe kuiamuru.

Katika Korea ya Kusini, uso unaosifiwa sana ni ule unaochongoka kuelekea kidevuni, mfano wa herufi V. Taya pana huitwa huko sagak-teok, maana yake taya la pembe nne, na wengi huliona kuwa dosari. Katika wilaya ya Gangnam, jijini Seoul, kliniki za urembo zimesongamana, na miongoni mwa huduma zake ni sindano ya kupunguza taya. Sindano hiyo haigusi mfupa. Huudhoofisha msuli wa shavu, na msuli usiotumika hunywea, kama unyweavyo mguu uliokaa ndani ya plasta kwa wiki nyingi.

Yapasa tufahamu kwamba asili ya dawa hii ni sumu. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari wa Kijerumani, Justinus Kerner, aliandika habari za watu waliodhurika na kufa kwa kula soseji zilizoharibika. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wanamuziki waliokula nyama ya paja la nguruwe kwenye mazishi waliugua, na baadhi yao wakafa. Profesa Émile van Ermengem alichunguza mkasa huo na kumtambua bakteria aliyetengeneza sumu hiyo, ambayo leo huitwa botulinamu. Sumu hii huzuia mishipa ya fahamu isitoe kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli hubaki hai, lakini amri haiufikii.

Kwa kipimo kidogo, sumu ikageuzwa dawa. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kutibu makengeza. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha itumike kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe, na mwaka 2002 kwa mikunjo iliyo baina ya nyusi. Mwaka 1994 madaktari waliandika habari za kuitumia kupunguza msuli wa shavu ulionenepa kupita kiasi.

Tuseme kweli: dawa hii ina manufaa. Wapo watu wanaosaga meno usingizini na kuamka na maumivu, nao hupata nafuu. Nguvu ya kuuma hupungua katika wiki za kwanza, uso huonekana umepungua baada ya mwezi mmoja au zaidi, kisha mishipa ya fahamu hupona na msuli hurudia kazi yake taratibu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kubaki na taya jembamba hurudia sindano kila baada ya miezi kadhaa. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu.

Wafikirie watu watatu waliobeba gogo begani. Mmoja akilegea, gogo halianguki, bali wale wawili huelemewa. Ndivyo ilivyo kinywani. Chakula ni kilekile na meno ni yaleyale, lakini msuli wa shavu hauvuti tena kama zamani. Msuli wa panja na ule wa ndani ya taya huufidia. Msuli unaofanyishwa kazi zaidi huweza kuchoka na kuuma, na kazi hiyo ikiendelea huweza kunenepa. Aliyetaka uso mwembamba chini huenda akajikuta uso umetanuka juu, kwenye mapanja.

Fidia nyingine hutokea ndani ya msuli uleule. Msuli wa shavu una tabaka, na ndani yake hupita kano ambayo huweza kuizuia dawa isisambae. Sehemu iliyopata dawa hulala, na ile isiyopata hujikaza kwa nguvu, hata mtu atafunapo huonekana uvimbe ukituna shavuni kama kipande cha muhogo. Tena, karibu na hapo upo msuli mdogo unaovuta pembe ya mdomo wakati wa kucheka. Ukifikiwa na dawa, tabasamu huenda upande. Kwa wengine mashavu hubonyea chini ya mfupa, au ngozi ya tayani hulegea kwa kukosa nyama ya kuishikilia. Mengi ya hayo hupungua dawa iishapo nguvu, lakini miezi mitatu ya tabasamu lililopinda si muda mfupi kwa mtu anayekutana na watu kazini kila siku.

Upo pia mfupa. Mfupa huimarika kwa kuvutwa na misuli. Katika majaribio yaliyofanywa kwa sungura na panya, mfupa wa taya ulipungua baada ya msuli wake kudungwa dawa hii. Kwa binadamu, uchunguzi umetoa majibu yanayotofautiana, na hiyo ni sababu ya kujihadhari na kurudiarudia.

Sasa tuseme binti yako, mwenye mshahara wake wa kwanza, anakuja na picha kwenye simu na kusema, "Mama, nataka uso kama huu." Usimcheke, wala usimgombeze. Keti naye, mjiulize pamoja. Je, upana huo ni wa msuli au wa mfupa? Ukiwa wa mfupa, sindano haitaubadili. Je, anasaga meno usiku, au anatafuna upande mmoja kwa sababu upande wa pili una jino bovu? Hayo ni ya daktari wa meno. Na mapanja yakinenepa, atashauriwa kuyadunga nayo pia? Msuli wa pili ukilegezwa, gogo litabaki begani mwa nani? Mwisho wa njia hiyo ni mtu aliyelipa fedha nyingi, naye hawezi kumaliza kipande cha nyama mezani.

Jambo la mwisho ni usalama. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo kali, kwa kuwa sumu huweza kusambaa mbali na pale ilipodungwa. Mwezi Aprili 2024 ikatangaza kwamba dawa bandia zilikuwa zimepatikana katika majimbo kadhaa, na baadhi ya watu walilazwa hospitali. Aliyedungwa akishindwa kumeza, kusema au kupumua vizuri, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asingoje kesho. Mjamzito na anayenyonyesha wajiepushe nayo, kadhalika mwenye maradhi ya kudhoofika kwa misuli.

Weka tena vidole shavuni, ndugu msomaji. Msuli huo umekulisha tangu ulipoota meno. Kabla ya kuulaza usingizi, fahamu kwanza ni nani atakayefanya kazi yake, na kwa muda gani.