Hundi ya Dola 130

Mwezi wa Machi mwaka 1938, vijana wawili wa mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio huko Marekani, Jerry Siegel aliyetunga maneno na Joe Shuster aliyechora picha, walipokea kutoka kwa mchapishaji wa New York hundi ya dola 412, na katika jumla hiyo zilikuwamo dola 130 ambazo ndizo zilizokuwa thamani ya kurasa 13 za hadithi ya Superman pamoja na milki ya Superman mwenyewe, daima dawamu. Walikuwa wameitembeza hadithi ile miaka kadhaa, wakirudishwa kila mlango waliobisha, hata ikawa atakayesema naam, kwa bei yoyote ile, ni mfadhili machoni mwao. Mali ikaja kuwa mali kwelikweli, lakini ikawa ya wengine. Wakashitaki mwaka 1947 wasipate walichokitaka. Na ilikuwa mwaka 1975, macho ya Shuster yakiwa yamekwisha kufifia, ndipo waliporidhiwa posho ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarejeshwa juu ya kazi yao. Hundi yenyewe iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000, ilhali wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki.

Siisomi habari hii nisikumbuke ada ya watunzi wa kale wa Pwani yetu, ambao aghalabu walipofikia tamati ya utenzi walitia beti za kutaja jina la mtunzi, na pengine mwaka wa utungo na idadi ya beti zake, ili anayenakili asizidishe wala asipunguze. Jina lile lilikuwa kufuli ya nyumba.

Katika jimbo lilelile la Ohio, mjini Columbus, mchoraji mwingine alishika njia yake mwenyewe. Jeff Smith alikuwa na viumbe vyeupe vyenye pua kubwa ambavyo alianza kuvichora utotoni, akavitia katika gazeti la wanafunzi wa chuo kikuu, kisha akavipeleka kwa mawakala wanaosambaza katuni katika magazeti ya nchi nzima, wasiafikiane. Mwaka 1991 akaanzisha kampuni aliyoiita Cartoon Books, akatoa toleo la kwanza la hadithi ya viumbe hivyo, Bone, kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kwa kuwa uchapaji wa rangi ni gharama isiyobebeka na mfuko wa mtu mmoja.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi hii ya kujichapishia mwenyewe, nami naomba msomaji anivumilie. Maduka ya hadithi za picha kule Marekani huagiza kwa kupitia orodha ya wasambazaji, miezi kabla kitabu hakijapigwa chapa, na aghalabu kisichouzwa hakirudishwi. Kwa hiyo mchapishaji mdogo hujua mapema achapishe nakala ngapi, na hiyo ni rehema kubwa, lakini mwenye duka naye, akijua kuwa hasara ni yake, huogopa jina asilolijua na kuagiza nakala mbili tatu tu. Tena matbaa ina hesabu yake: kazi ya kutayarisha mashine ni ileile, zichapwe nakala mia au elfu kumi, basi anayechapa chache hulipa ghali kwa kila moja, na anayechapa nyingi huenda akalala na marobota chumbani. Kwa mfano, Kevin Eastman na Peter Laird, waliojitolea wenyewe hadithi ya picha ya Teenage Mutant Ninja Turtles mwaka 1984, walianza na nakala zipatazo 3,000, kwa fedha za marejesho ya kodi na mkopo wa jamaa.

Smith hakuzibeba hesabu hizo peke yake. Mkewe, Vijaya Iyer, aliacha kazi yake nzuri ya kompyuta huko California, akaja kushika daftari, maagizo na mawasiliano na wapiga chapa, ili mumewe apate kukaa mezani achore. Mimi naamini kwa dhati kuwa jina lake lastahili kutajwa kila Bone inapotajwa, maana wachoraji wengi wenye vipaji wameanguka kwa kukosa mtu wa kuhesabu, wala si kwa kukosa wino. Fauka ya hayo, tangu mwaka 1993 matoleo ya nyuma yalikusanywa katika vitabu, na vitabu hivyo vikawekwa madukani daima, ili msomaji aliyechelewa asikute hadithi imefika katikati na mwanzo wake hauonekani.

Ilichukua miaka 13. Toleo la 55, ambalo ndilo la mwisho, lilitoka mwaka 2004, na hadithi nzima ikajalidiwa katika kitabu kimoja cha kurasa 1,332. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya vitabu vya watoto, Scholastic, ikaanza kuitoa upya kwa rangi zilizotiwa na Steve Hamaker, ikawafikia watoto ambao hawakupata kuingia katika duka la katuni maishani mwao. Smith alitoa idhini, hakutoa milki. Na lile jalada kubwa la weusi na weupe liliendelea kutolewa na Cartoon Books, kutoka mji uleule wa Columbus.