Kisukari: usingoje maumivu ndipo uanze matibabu

Mkazi anapopimwa zahanati na kuambiwa ana kisukari, mara nyingi hurudi nyumbani akiwa hana maumivu yoyote. Analima, anaendesha bodaboda, anafungua kibanda chake kama kawaida. Anameza dawa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili anakosa nauli ya kwenda kliniki, na kwa kuwa hasikii tofauti, anaacha. Miaka kadhaa baadaye jamaa zake wanamleta hospitalini akiwa na kidonda cha mguu kisichopona, macho yenye ukungu au figo zilizoshindwa kufanya kazi.

Makala haya yanaeleza kinachoendelea mwilini katika miaka hiyo ya ukimya, na jinsi watafiti walivyogundua kwamba hiyo ndiyo miaka ya kupigania. Tunazungumzia kisukari cha aina ya pili, kinachowapata zaidi watu wazima na ambacho ndicho kingi. Wenye aina ya kwanza, wakiwemo watoto wengi, wanahitaji insulini tangu siku wanapogunduliwa, na hawawezi kungoja hata kidogo.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huharibu kuta za mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo iko kila mahali mwilini, lakini madhara hujitokeza mapema sehemu tatu: nyuma ya jicho, kwenye figo, na kwenye neva, hasa za miguu. Neva zikifa, mguu hauhisi. Mtu hukanyaga mwiba au kaa la moto asijue, kiatu humchubua siku nzima bila yeye kusikia, na kidonda hugunduliwa pale kinapotoa harufu. Kutosikia maumivu, ambako wengi wetu hukuchukulia kuwa dalili ya kupona, huenda kukawa ndiyo dalili ya ugonjwa wenyewe.

Utafiti uliochukua miaka 20

Hadi miaka ya 1970 madaktari wenyewe hawakuwa wamekubaliana kama kushusha sukari kunazuia madhara haya. Mwaka 1977 Profesa Robert Turner wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walianzisha nchini Uingereza utafiti unaojulikana kwa herufi za UKPDS. Waliwaandikisha wagonjwa 5,102 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, katika hospitali 23. Wengi wao waligawanywa kwa bahati nasibu, kama kura: kundi moja likapewa ushauri wa chakula kwanza na dawa pale tu sukari ilipopanda sana, jingine likapewa vidonge au insulini tangu mwanzo ili sukari ishuke zaidi.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1998. Kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, kundi la kwanza lilikuwa na asilimia 7.9 na la pili asilimia 7.0. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo, yalipungua kwa asilimia 25 katika kundi la pili. Kwa lugha rahisi, kati ya kila wagonjwa 4 ambao wangepata madhara hayo, mmoja aliepuka.

Miongoni mwa wagonjwa wanene, 342 walipewa metformin, kidonge ambacho wagonjwa wetu wengi wanakijua na ambacho bei yake si kubwa. Vifo vya kila aina katika kundi hilo vilipungua kwa asilimia 36 vikilinganishwa na vya wanene waliotegemea chakula zaidi. Ni vigumu kuona kwa nini mtu aache kidonge kama hicho akanunue chupa ya "kumaliza sukari" inayouzwa kwa kipaza sauti stendi ya matatu.

Baada ya utafiti kwisha, wagonjwa walirudi kwa madaktari wao wa kawaida, na katika muda wa mwaka mmoja sukari za makundi yote zikawa sawa. Watafiti waliendelea kuwafuatilia kwa miaka 10 zaidi. Mwaka 2008 walitoa taarifa kwamba waliodhibiti sukari mapema bado walikuwa na madhara machache ya macho na figo, na sasa hata mshtuko wa moyo na vifo vilikuwa vimepungua kwao. Mwili ulikuwa umeiweka faida ya miaka ya mwanzo kama akiba. Aliyechelewa hakuipata akiba hiyo, hata baada ya sukari yake kushuka na kufikia ya wenzake.

Presha haina akiba

Utafiti huohuo ulichunguza pia shinikizo la damu, kwa sababu presha na sukari hutembea pamoja. Wagonjwa 1,148 waligawanywa. Waliodhibitiwa vizuri walikuwa na wastani wa 144/82, wenzao 154/87. Kwa tofauti hiyo ya nukta 10 tu ya namba ya juu, kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na hatari ya kupoteza uwezo wa kuona ikashuka kwa asilimia 47. Mgonjwa wa kisukari anayeuliza sukari yake kila mara na kusahau presha anaacha mlango mmoja wazi.

Lakini presha haikuweka akiba. Utafiti ulipokwisha na presha za makundi mawili kufanana, faida ilififia. Dawa ya presha hulinda wakati unaitumia. Ukiiacha, ulinzi unaondoka nayo.

Isieleweke kwamba sukari ikishuka sana ndiyo bora zaidi. Waliotibiwa kwa nguvu katika UKPDS walipata vipindi vingi zaidi vya sukari kushuka kupita kiasi: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa. Mwezi Februari 2008, utafiti mwingine wa Marekani na Kanada uitwao ACCORD, wenye wagonjwa 10,251, ulilazimika kusimamisha sehemu yake ya sukari kwa sababu vifo vilikuwa vingi zaidi katika kundi lililowekewa lengo la chini ya asilimia 6 ya HbA1c. Hao walikuwa watu waliokaa na kisukari miaka mingi na wenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Ndiyo maana daktari anaweza kumwekea nyanya wa miaka 78 lengo tofauti na la kijana wa miaka 40, na familia isidhani kwamba nyanya amepuuzwa.

Dawa na figo

Maneno mawili husikika sana vijijini: kwamba vidonge vya sukari huharibu figo, na kwamba insulini hupofusha. Yanatokana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho, maana wengi huanza insulini wakiwa wamechelewa, na upofu huwafuata. Ila kinachoharibu figo na macho ni sukari na presha za miaka iliyotangulia. Metformin haiharibu figo. Daktari huipunguza au kuisimamisha pale figo zinapokuwa tayari zimedhoofika, kwa kuwa mwili huitoa kupitia figo.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa chini ya nusu ya Wakenya waliokutwa na kisukari walikuwa wanajua hali yao. Wahudumu wa afya ya jamii, wale wa CHP wanaotembelea nyumba, walianza mwaka 2023 kupewa vifaa vya kupima sukari na presha. Wakibisha hodi, nyoosha kidole upimwe.

Kwa aliye na kisukari tayari, kutazamwa sukari peke yake hakutoshi. Mara moja kwa mwaka unapaswa kuchunguzwa nyuma ya jicho, kupimwa mkojo na damu kuona hali ya figo, na kuvua viatu ili miguu ikaguliwe na kuguswa kuona kama inahisi. Presha hupimwa kila unapofika kliniki. Foleni ikiwa ndefu, uchunguzi wa miguu ndio husahaulika kwanza, kwa hiyo uulizie mwenyewe. Nyumbani tazama nyayo kila jioni, au mjukuu akutazamie, na usipime joto la maji ya kuoga kwa mguu; tumia kiwiko.

Aliyeacha dawa zamani arudi na chochote alichonacho: kitabu cha kliniki, pakiti tupu za vidonge, hata chupa ya miti shamba anayotumia, ili mhudumu ajue pa kuanzia.